Jiji Linaamua Vipi? Utangulizi wa Vikao, Maazimio na Mihtasari ya Halmashauri

Meya amesimama sokoni, kamera mbele yake, wafanyabiashara wamemzunguka. Anatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ushuru wa meza utapunguzwa. Makofi yanapigwa, redio inaitoa habari jioni ileile, na kesho yake muuza nyanya anamgomea mkusanya ushuru: "Meya keshasema!" Ndugu msomaji, fani ninayokukaribisha ndani yake inaanzia kwenye swali moja tu: je, jiji limeamua?

Halijaamua. Meya ametoa ahadi, na huenda ni ahadi njema atakayoisimamia mpaka mwisho. Lakini ushuru wa jana ndio ushuru wa leo, na mkusanya ushuru aliyeshika mashine yake ya risiti yuko upande wa sheria. Wanafunzi wangu wa mwanzo hukunja uso wanaposikia hivyo. Huuliza: kama meya mwenye joho na mkufu hawezi kuliamulia jiji, ni nani anayeweza? Wana haki ya kuuliza, na usione haya ukijikuta unauliza vivyo hivyo.

Halmashauri ya jiji ni mtu wa kisheria. Maana yake ni kwamba sheria huitambua kama inavyomtambua mtu: inaweza kumiliki ardhi, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe, na haifi eti kwa kuwa meya amefariki au madiwani wamemaliza muda wao. Ila mtu huyu hana kinywa wala kumbukumbu ya kuzaliwa nayo. Husema kwa njia moja tu, nayo ni kikao halali cha wajumbe wake. Hukumbuka kwa njia moja tu, nayo ni maandishi ya kikao hicho. Ukishika haya mawili, kwamba uamuzi ni wa kikao na kwamba kumbukumbu ni maandishi, umeshashika nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni kujua kikao kinakuwaje halali na maandishi yanakuwaje ya kuaminika.

Nitachukua mifano yangu mingi Tanzania, maana ndiko ninakokufahamu zaidi, na nitavuka mpaka kwenda Nairobi pale ulinganisho utakapotufaa.

Serikali za mitaa za Tanzania zina historia ya kukatikakatika. Zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati wa sera ya Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria tatu ambazo mpaka leo ndizo nguzo za mfumo: Sheria Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, Namba 8 kwa mamlaka za miji, na Namba 9 kwa fedha za serikali za mitaa. Siku hizi utaziona zikitajwa kama Sura ya 287, 288 na 290, namba zilizopewa katika juzuu la sheria zilizorekebishwa. Kwa majiji, yaani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma, kitabu cha kwanza kukifungua ni Sura ya 288. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na 146, inataka vyombo hivi viwepo na kueleza lengo lake, ambalo ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Chini ya sheria kuna Kanuni za Kudumu za Halmashauri. Hizi ndizo zinazosema kikao kiitishwe vipi, nani azungumze lini, kura ipigwe namna gani na muhtasari uandikweje. Mtu mgeni huzipita haraka akidhani ni mambo ya adabu za mezani. Mimi ningekushauri uanze nazo. Sheria itakueleza halmashauri inaweza kuamua nini. Kanuni za Kudumu zitakueleza kama imeamua kweli.

Sasa tuingie ukumbini. Baraza la Madiwani, au Baraza Kamili kama watumishi wanavyopenda kuliita, linakusanya madiwani waliochaguliwa na kata zao, madiwani wanawake wa viti maalum, na wabunge wa majimbo yaliyomo ndani ya eneo la halmashauri. Madiwani wenyewe humchagua meya miongoni mwao, pamoja na naibu wake. Meya ndiye mwenyekiti wa Baraza. Pembeni yake hukaa Mkurugenzi wa Jiji, ambaye si diwani bali ni mtumishi mkuu wa halmashauri, naye ndiye katibu wa Baraza. Mgawanyo huu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Anayeongoza mjadala si anayeuandika, na anayeuandika hana kura. Mkurugenzi anaweza kushauri, na wakuu wa idara walioketi nyuma yake wanaweza kufafanua wakiulizwa, lakini mikono inapoinuliwa ya kwao hubaki mezani.

Nikiwa kwenye habari ya mameya, hebu nikupe moja ya kukuonjesha. Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960, alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yuleyule aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu aliyefundisha mizani na vina akaenda kuongoza vikao vyenye kanuni zake za nani aseme na nani anyamaze. Napenda kuamini kwamba kazi ya pili haikumtisha.

Baraza hukutana kwa kawaida kila robo mwaka, na huo ni muda mrefu kwa jiji lenye mamia ya mambo ya kuamua. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika katika kamati za kudumu. Kamati ya kudumu ni kundi dogo la madiwani lililopewa fungu lake la mambo: katika majiji na manispaa utakuta Kamati ya Fedha na Utawala, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu, pamoja na ile ya kudhibiti UKIMWI. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, kwa sababu fedha haisubiri robo.

Hapa pana utata unaowapoteza wengi, kwa hiyo tutembee polepole. Kamati inapomaliza kujadili jambo, kwa kawaida haijaamua, imependekeza. Pendekezo ni ushauri unaopanda kwenda kwa Baraza, ambako linaweza kukubaliwa, kurekebishwa, kurudishwa au kukataliwa. Yapo mambo ambayo Baraza hukasimu, yaani hukabidhi kamati au Mkurugenzi mamlaka ya kuyaamua kwa niaba yake, na hapo uamuzi wa kamati ni uamuzi kamili. Lakini mambo mazito, kama kupitisha bajeti, kukopa na kutunga sheria ndogo, hubaki mikononi mwa Baraza lenyewe. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba "kamati imepitisha" ujenzi wa stendi mpya, swali lako la kwanza liwe: kamati hii ilikuwa imekasimiwa, au imepeleka pendekezo tu? Majibu hayo mawili yana umbali wa miezi mitatu kati yake, na wakati mwingine wa milele.

Turudi kwa ushuru wetu wa meza. Tuseme meya ana dhamira ya kweli. Wazo litaanzia kwa idara inayohusika, ambayo itaandika andiko lenye hesabu: meza ngapi, kiasi gani kinakusanywa sasa, pengo litazibwa na nini. Wakuu wa idara watalipitia katika kikao cha menejimenti. Kisha litaingia Kamati ya Fedha na Utawala, na kutoka hapo litapanda kwenda Baraza likiwa na maoni ya kamati. Kabla ya Baraza kukaa, kila mjumbe lazima apate notisi, yaani taarifa ya maandishi inayotaja siku, saa na mahali, pamoja na ajenda. Pamoja nayo huja kabrasha: rundo la karatasi za kikao, taarifa za kamati, majedwali na mihtasari ya nyuma. Madiwani wenye uzoefu husoma kabrasha wakianzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu huko ndiko namba zilikojificha.

Notisi ni ulinzi. Inazuia kundi dogo kuitana usiku na kuligawa jiji, na inampa diwani wa kata ya pembezoni nafasi ya kuwauliza watu wake kabla ya kuinua mkono. Uamuzi uliofanywa katika kikao ambacho baadhi ya wajumbe hawakuitwa ni uamuzi wenye ufa, hata kama kila aliyekuwepo aliuunga mkono.

Siku ya kikao imefika. Kabla ya neno lolote la maana, katibu hutazama kama akidi imetimia. Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao. Kanuni ikitaka nusu, na Baraza lina wajumbe 40, basi 20 wakiwepo kazi inaanza. 19 wakiwepo, waliofika wanaweza kunywa chai na kuzungumza watakavyo, lakini hakuna watakachokuwa wameamua. Na akidi si ya kuanzia tu. Wajumbe wakitoka mmoja mmoja mpaka idadi ikashuka, mjumbe yeyote anaweza kulinyooshea jambo hilo kidole, na mwenyekiti atalazimika kusimamisha kikao. Usishangae, kwa hiyo, kuona karatasi ya mahudhurio ikilindwa kuliko karatasi nyingine yoyote mezani.

Kisha huja hoja. Katika fani yetu neno hili lina maana nyembamba: ni sentensi inayopendekeza kwamba Baraza lifanye jambo fulani. Malalamiko ya diwani kuhusu mitaro iliyoziba ni mchango. Bado si hoja. Yanakuwa hoja anaposema, "Naomba Baraza liagize mitaro ya kata hii isafishwe kabla ya mvua za masika." Mwingine husimama na kuunga mkono, ili ionekane kwamba wazo hilo lina mwenza. Mjadala ukifunguliwa, mtu anaweza kutoa hoja ya marekebisho, kwa mfano kuongeza kata jirani, na marekebisho hayo hupigiwa kura kwanza. Mantiki yake ni nyepesi: lazima mjue mnapigia kura kitu gani kabla ya kukipigia.

Kura zenyewe mara nyingi ni za sauti au mikono. Mwenyekiti huuliza wanaoafiki, huuliza wasioafiki, halafu hutangaza matokeo. Chaguzi, kama ile ya meya, hufanywa kwa kura ya siri. Kura zikilingana, kanuni huweza kumpa mwenyekiti kura ya uamuzi. Na diwani aliyeshindwa ana haki moja ambayo kwa maoni yangu inatumiwa mara chache mno: kuomba iandikwe kwamba yeye alipinga. Miaka mitatu baadaye, mkaguzi anapouliza nani aliyekubali mkataba ule mbovu, mstari huo mmoja una thamani.

Jambo jingine linaloandikwa ni mgongano wa maslahi. Diwani mwenye fremu tatu katika soko linalojadiliwa anatakiwa kulisema hilo mapema na kujiweka kando ya mjadala na kura. Si aibu kuwa na fremu. Tatizo linaanza pale muhtasari unapokaa kimya juu yake.

Mpaka hapa tumekuwa tukizungumza mambo yanayosikika. Sasa tuyaweke kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa fani ulipo.

Muhtasari wa kikao haukusudiwi kunasa kila neno. Unanasa nani walikuwepo, nani walitoa udhuru, jambo gani lililetwa, hoja zipi kuu zilijitokeza na, juu ya yote, nini kiliazimiwa. Azimio ni uamuzi wa kikao uliowekwa katika maneno maalumu. Katika muhtasari wa kubuni wa soko letu ungesoma hivi: "Ajenda Na. 6: Mapendekezo ya kupunguza ushuru wa meza. Taarifa ya Kamati ya Fedha na Utawala iliwasilishwa. Wajumbe walihoji jinsi pengo la mapato litakavyozibwa. Ufafanuzi ulitolewa na Mweka Hazina. Azimio: Baraza liliridhia kuanza mchakato wa kurekebisha Sheria Ndogo za Ada na Ushuru. Utekelezaji: Mkurugenzi." Tazama jinsi dakika 40 za mabishano zilivyoingia katika mistari michache. Tazama pia kwamba katibu hakuandika nani alimkejeli nani. Na tazama kitenzi.

Vitenzi ndivyo vinavyobeba uzito wote. Baraza "likipokea" taarifa, maana yake imefika mezani na imesikilizwa. Halikusema linakubaliana nayo. "Likiridhia" au "likipitisha", limeifanya kuwa yake. "Likiagiza", limempa mtu kazi, na kazi hiyo itaulizwa. "Likiahirisha", halijakataa wala kukubali. Nimewahi kuona ubishi wa mwezi mzima kuhusu kiwanja kimoja ukimalizwa na mtu aliyesoma muhtasari kwa makini na kugundua kwamba Baraza lilikuwa limepokea tu. Mwanafunzi anayejifunza kusoma vitenzi hivi huanza kuliona jiji kwa macho mengine.

Katika mfano wetu Baraza limeridhia kuanza mchakato, wala halijapunguza senti hata moja. Nitaeleza sababu punde.

Kikao kinachofuata, moja ya ajenda za mwanzo ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Wajumbe huupitia ukurasa kwa ukurasa, husahihisha palipokosewa, kisha mwenyekiti na katibu huutia saini. Wageni wengi hudhani kwamba uamuzi unapata nguvu hapo. Sivyo. Uamuzi ulizaliwa siku kura ilipopigwa. Kuthibitisha ni kushuhudia kwamba uliandikwa sawasawa. Kwa hiyo diwani aliyekuwa hayupo hawezi kutumia nafasi hii kufufua mjadala. Anaweza kusema, "Iliandikwa 50, tulikubaliana 15." Hawezi kusema, "Hiyo 15 siipendi." Kubadilisha uamuzi kuna njia yake: hoja mpya, notisi mpya, na kwa kawaida kanuni huweka masharti magumu kidogo ili jiji lisiwe linageuka kila robo.

Baada ya kuthibitisha huja yatokanayo, ajenda ninayoipenda kuliko zote. Hapa Baraza humuuliza Mkurugenzi: tuliagiza hivi, kumefanyika nini? Kila azimio la nyuma huja na safu ya utekelezaji pembeni yake. Ukitaka kujua afya ya halmashauri yoyote, acha hotuba. Soma yatokanayo ya vikao vinne mfululizo. Azimio lililoandikwa "utekelezaji unaendelea" mara nne bila neno kubadilika limeshakujibu.

Nilikuahidi kuvuka mpaka. Nairobi ilikuwa na baraza la madiwani la mtindo huu mpaka Katiba ya 2010 ilipoleta serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Leo Kaunti ya Jiji la Nairobi ina bunge lake, na wajumbe wake wengi ni wawakilishi wadi, ambao watu huwaita MCA. Bunge hilo huweka hansadi, yaani kumbukumbu ya maneno yote yaliyosemwa, karibu neno kwa neno. Muswada husomwa kwa hatua, na ukipita huenda kwa gavana, ambaye ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha pamoja na sababu zake. Sheria ya kaunti huchapishwa katika Gazeti la Kaunti na Gazeti Rasmi la Kenya, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imesema vingine. Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, na mahakama za huko zimelichukulia sharti hilo kwa uzito.

Ipi bora, hansadi au muhtasari? Hansadi inakuonyesha jinsi watu walivyofikiri, na haimpi katibu nafasi ya kuchuja. Lakini ni ndefu, na uamuzi unaweza kuzama ndani ya maneno. Muhtasari unakupa uamuzi mkononi, ila unakutaka umwamini aliyeuandika. Kwangu mimi, kwa halmashauri isiyo na fedha nyingi, muhtasari mzuri unaotoka mapema unashinda hansadi inayotoka mwaka kesho.

Sasa ile sababu niliyokudai. Ushuru wa meza hauwezi kupunguzwa kwa azimio peke yake kwa kuwa umewekwa na sheria ndogo, na sheria ndogo haibadilishwi ila na sheria ndogo. Sheria ndogo ni kanuni yenye nguvu ya sheria inayotungwa na halmashauri kwa eneo lake, kwa mamlaka iliyopewa na Bunge. Azimio huielekeza halmashauri yenyewe: nunueni gari, jengeni zahanati. Sheria ndogo humfunga kila mtu aliyemo mjini, pamoja na asiyejua kwamba Baraza lipo. Kwa sababu hiyo njia yake ni ndefu zaidi. Wananchi hutangaziwa kusudio na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Mwanasheria wa halmashauri huandaa rasimu, Baraza huipitisha, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ambaye wizara yake hujulikana kama TAMISEMI. Akiridhia, hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba. Mpaka namba hiyo itoke, muuza nyanya anadaiwa kiwango cha zamani. Inachosha, najua. Lakini njia hiyohiyo ndefu ndiyo inayomlinda asiamke kesho akakuta ushuru umepanda mara tatu kwa tamko la mtu mmoja.

Tangu mwaka 2021, sheria za Tanzania zimetakiwa kuwa katika Kiswahili. Mihtasari ya halmashauri ilikuwa Kiswahili tangu zamani. Maana yake ni kwamba leo njia nzima, kutoka malalamiko ya mtaani hadi Gazeti la Serikali, inaweza kufuatwa na mtu aliyemaliza darasa la saba. Sijui fani nyingine ya sheria iliyo wazi hivi kwa wasomaji wetu.

Maandishi haya yana wasomaji wengine pia. Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hukagua halmashauri zote, na wakaguzi wanapokuta malipo hutaka kuona kibali chake. Malipo yasiyo na azimio nyuma yake hugeuka hoja ya ukaguzi, yaani swali rasmi linalodai majibu, na hoja hizo huweza kumfikisha Mkurugenzi mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Katika ngazi za chini nako hali ni ileile. Vijijini, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuwa tofauti kati ya ardhi iliyotolewa kihalali na ardhi iliyoporwa, na ndiyo sababu mihtasari hughushiwa: saini za watu wasiokuwepo, mahudhurio ya marehemu, tarehe za mikutano ambayo hakuna anayeikumbuka. Hakuna anayeghushi karatasi isiyo na thamani.

Na halmashauri yenyewe ikivunjwa je? Imetokea. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Tume ya Jiji ikaliendesha jiji hadi mwaka 2000, ilipopisha halmashauri ya jiji pamoja na manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Nairobi nayo iliendeshwa na tume kuanzia 1983 hadi 1992. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja tena Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa halmashauri ya jiji. Kila mara baraza lililokuwepo liliondoka. Madeni, mikataba, viwanja na kesi havikwenda popote. Vilibaki vikihitaji mrithi, na mrithi hujua alichorithi kwa kufungua majalada ya mihtasari.

Ukitaka kuanza, usianze na kitabu. Tafuta tarehe ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani la halmashauri yako, nenda ukae sehemu ya wageni, na uhesabu mwenyewe kama akidi imetimia. Kisha nenda masijala ya halmashauri ukaombe muhtasari wa kikao kilichotangulia. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ombi la maandishi lijibiwe ndani ya siku 30. Kenya inayo ya kwake ya mwaka huohuo, yenye siku 21. Andika barua fupi, taja tarehe ya kikao na namba ya ajenda unayoitaka, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.